Benchi la Alhamisi

Mpwa wangu amemaliza chuo cha uuguzi juzi juzi tu, na alipokuja kunitembelea hapa Runyenjes alikuwa amevaa saa nyeusi isiyo na mishale. Tukiwa tunamenya ndizi, saa ikatetemeka. Akaiangalia, akashusha pumzi.

"Anti, saa inasema niko na stress."

"Imesema nani anakusumbua?"

"Haisemi hivyo. Inapima tu mapigo ya moyo."

"Basi hiyo haijakupima. Imekuchungulia."

Alicheka, lakini nilimwona akiitazama tena ile saa kwa hofu, na sasa mapigo yalikuwa yamepanda zaidi kwa sababu ya kuambiwa yamepanda. Hapo ndipo nilipoamua kuandika haya, yeye na wenzake wayasome. Nimefanya kazi ya kufunga watu mkono na kuwapima presha zaidi ya miaka thelathini. Naitwa Wawira, ingawa kazini jina langu lilikuwa Sista tu. Makosa nimefanya mengi, lakini kosa kubwa kuliko yote sikulifanya nikiwa mgeni wa kazi. Nililifanya nikiwa nimekomaa, nimebakisha miaka michache nistaafu, na nilipigwa picha nikilifanya.

Aliyenifundisha kazi alikuwa afisa wa kliniki wa hapa Embu, mzee Njeru, mtu wa maneno machache na koti lililokosa vifungo viwili. Siku hizo mashine ya presha ilikuwa ile ya zebaki, unajaza upepo kwa mkono, unasikiliza kwa masikio yako mwenyewe, na mgonjwa akikohoa unaanza upya. Njeru hakumpima mtu aliyeingia sasa hivi. Alimwacha akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, asiongee. Kisha alimuuliza maswali matatu: unalala, unakula, na ni nani anakukosesha raha? Wanafunzi wenzangu waliona hilo la tatu ni umbea. Mimi pia niliona ni umbea, lakini nilipenda umbea, kwa hiyo nililishika haraka.

Lilinisaidia nilipohamishiwa Meru mjini. Kulikuwa na mchinjaji mmoja upande wa Kinoru, Hussein, tumbo lilikuwa linamwaka moto kila asubuhi. Alikuwa ameshauriwa aache pilipili, aache chai, aache nyama. Fikiria kumwambia mwenye bucha aache nyama. Nilimpa dawa ya kupunguza asidi, halafu nikamuuliza lile swali la tatu. Akaangalia mlango.

"Binamu yangu alifungua bucha ng'ambo ya barabara," akasema. "Kila asubuhi ananiinulia mkono, ananisalimia. Sista, hiyo salamu yake ndiyo inanichoma."

Nilimwambia ageuze gogo lake la kukatia nyama, aipe barabara mgongo, na dawa amalize. Baada ya wiki mbili tumbo lilikuwa limetulia. Baada ya mwezi alirudi, sasa shingo ndiyo ilikuwa inauma, kwa sababu ya kugeuka geuka kuona binamu ana wateja wangapi.

Sikumcheka sana, kwa maana ndivyo mwili ulivyo. Hauwezi kutofautisha chui na binamu. Ukiona kitu cha kukutisha, moyo unakimbia, mishipa inakaza, tumbo linamwaga asidi, shingo na mabega yanakuwa magumu, ili ama upigane ama utoroke. Chui akiondoka, mambo yanarudi chini. Lakini binamu haondoki. Yuko hapo Jumatatu, yuko hapo Jumanne, na mwili unabaki umewashwa mpaka unachoka, mtu anakosa usingizi, kichwa kinagonga, na presha inapanda kwa kweli.

Jambo moja nawaomba msiwahi kusema ni hili la "punguza mawazo." Nililisema miaka mingi. Nililiandika hata kwenye kadi. Siku moja mama mmoja wa Githongo, mtoto wake amefukuzwa shule na mume hajulikani aliko, akanitazama kwa upole akaniuliza, "Sista, nikiyapunguza nitayaweka wapi?" Siku hiyo hiyo nilimwambia mwingine afanye mazoezi, na alikuwa ndiyo kwanza amepandisha gunia la kahawa mlimani kwa mgongo. Alinisalimia kwa heshima na akaenda zake. Tangu hapo badala ya mazoezi nikaanza kuuliza mtu anapumzika saa ngapi, na badala ya kupunguza mawazo nikauliza ni nani anaweza kuambiwa mawazo hayo. Mara nyingi jibu lilikuwa hakuna, na hapo nilivuta kiti nikaambiwa mimi.

Sasa nije kwenye picha.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa dispensari ndogo juu ya Githongo, katikati ya mashamba ya kahawa, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka saa nne na watu huvaa sweta mbili. Mimi ndiye nilikuwa mkubwa wa hapo. Wagonjwa wa presha walikuja siku yoyote waliyojisikia, wengine hawakuja kabisa, wakisema boda ni ghali na kwamba hawaumwi mahali. Nikakaa nikafikiri, nikabuni kitu nilichokiita Kliniki ya Familia. Watu wa boma moja na jamaa zao wa karibu wangekuja siku moja, Alhamisi, wasaidiane safari, wakumbushane dawa. Kadi zao nilizifunga pamoja kwa mpira. Wote walikaa benchi moja refu, na niliwapima hapo hapo mmoja baada ya mwingine, bila kupoteza muda na mambo ya kuingia na kutoka.

Ilifanya kazi. Watu walikuja kwa wingi. Kulikuwa na kelele kidogo, maana nilikuwa nasoma namba kwa sauti ili msaidizi wangu aandike, na wazee walianza kushindana.

"Wewe uko na ngapi?"

"Mia na sitini."

"Hiyo ni ya watoto. Mimi ni mia na tisini, na nimetembea na miguu kuja hapa."

Nilidhani hiyo ni furaha. Mkubwa mmoja kutoka ofisi za kaunti akaja, akaona benchi limejaa, akasema vituo vingine viige. Wakanipiga picha nimesimama mbele ya familia tatu zilizokaa zimenyooka kama za harusi. Picha ikabandikwa ukutani juu ya friji ya chanjo, na kuanzia siku hiyo sikutaka kusikia neno baya juu ya benchi langu.

Ndipo Kanana akamleta mume wake, Mutwiri.

Mutwiri alikuwa na miaka hamsini na moja. Kazi yake ilikuwa kupanda mikima, ile miti mirefu ya kivuli inayosimama katikati ya kahawa, na kukata matawi kwa panga. Shamba lolote ukiona mkima umenyolewa vizuri, ni yeye. Hakuwa anaumwa. Lakini baba yake alianguka na kiharusi akiwa na miaka hamsini na miwili, akiwa anageuza kahawa kwenye meza za kuanikia, na hakuinuka tena. Mutwiri alikuwa amebakisha miezi michache afike miaka hiyo hiyo. Kanana alinivuta kando akaniambia, "Sista, kule nyumbani hakuna mtu anasema, lakini kila mtu anahesabu. Yeye ndiye anahesabu zaidi. Mpime, umwambie ukweli."

Mama yake Kanana, mjane wa miaka sabini na kitu anayeishi ng'ambo ya kijito, alikuwa tayari mgonjwa wangu wa presha. Basi nikachukua kadi ya Mutwiri, nikaiweka juu ya kadi ya mama mkwe wake, nikafunga mpira, nikasema, "Alhamisi." Kanana alifungua mdomo, akaangalia ile picha ukutani, akaufunga.

Najua wasomaji wa Meru na Embu mmeshaanza kushika vichwa. Subirini.

Alhamisi ya kwanza mama mkwe alifika kwa boda. Mutwiri alifuata nyuma kwa miguu, mbali kidogo, anahema. Nikampongeza mbele ya watu wote kwa kufanya mazoezi. Akakaa mwisho kabisa wa benchi na uso wake akauelekeza ukutani, kwenye chati ya chanjo za watoto.

"Mutwiri, geuka. Hapa si jela."

Akageuka nusu.

Nilikuwa fundi, nawaambia, na nilifuata kila alichonifundisha Njeru. Niliwakalisha dakika tano. Miguu chini. Kibofu nacho lazima kiwe kitupu, kwa sababu mkojo ukijaa unapandisha kipimo. Kwa hiyo nikamuuliza, "Mutwiri, umeenda kukojoa?"

Akarudisha macho kwenye chati. Nikafikiri hasikii vizuri, watu wa misumeno na mapanga wengi masikio yao yameharibika. Nikapaza sauti.

"Nauliza, umekojoa?"

Mama mkwe alijifunika uso na leso, nikamsikia ananong'ona sala. "Unaona," nikamwambia Mutwiri, "hata mama anakuombea." Kisha nikamwambia avue sweta. Mkono wa shati ulikuwa unabana, kwa hiyo nikamwambia avue na shati. Alikaa pale kifua wazi, amefumba macho, jasho likimtoka kwenye baridi ya Githongo, na mashine ikaniambia mia moja sabini na mbili juu ya mia moja na sita. Niliisoma kwa sauti. Mzee wa mia na tisini akatikisa kichwa kwa heshima.

Nikampa kidonge kimoja, aje baada ya mwezi.

Mwezi uliofuata ilikuwa mia moja sabini na nane. Nikaongeza cha pili. Mwezi wa tatu ilikuwa vile vile, nikamgombeza kwamba hamezi dawa. Akaapa anameza. Kanana akaapa kwamba anamwona akimeza, na kwamba anaogopa hata kuchelewa dakika kumi. Nikaongeza cha tatu. Aliniambia jambo moja siku hiyo, na hili mlisikie vizuri, kwa sababu mimi sikulisikia: "Sista, asubuhi nikisimama naona nyota." Nikamjibu kwamba hiyo ni presha. Nilikuwa na namba mkononi, na mtu mwenye namba mkononi hana haja ya kusikiliza.

Wiki mbili baadaye, asubuhi ya Jumanne, nilikuwa nachanja watoto. Mwanamke akaja mbio kutoka shamba la jirani.

"Sista! Mutwiri amekataa kushuka!"

"Kushuka wapi?"

"Kwa mti!"

Nikachukua begi na mashine, nikakimbia. Mimi ni mtu wa mwili, na nilikuwa nimevaa viatu vya plastiki vya wodini, hivyo nilifika shambani na kiatu kimoja. Mutwiri alikuwa juu ya mkima, juu kupita paa la nyumba ya ghorofa, amekumbatia shina kwa mikono na miguu, macho yamefungwa, uso umekuwa wa kijivu. Panga lake lilikuwa limebaki limekita kwenye tawi. Upande mmoja wa mti ulikuwa umekatwa safi, upande mwingine bado una majani.

"Mutwiri, ni nini?"

"Dunia inazunguka, Sista. Nikiachilia nitaanguka."

Miezi yote ile tulikuwa tunamlinda asianguke, na sasa angeanguka kwa njia nyingine. Wanaume wawili walileta ngazi na kamba ya ng'ombe, wakamfunga kiunoni, wakamshusha hatua kwa hatua, na mimi chini nikitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata, asante Mungu. Tukamlaza chini ya kahawa, miguu yake juu ya gunia. Nikamfunga mkono.

Themanini na nane juu ya hamsini na nne.

Nikasema mashine imeharibika. Nikajipima mimi mwenyewe nione. Mia moja themanini na moja. Mashine ilikuwa nzima. Mimi ndiye sikuwa mzima. Nikampima tena, na ikawa karibu vile vile. Huyu mtu wa presha ya mia na sabini alikuwa karibu hana presha kabisa, na hakuna mtu aliyemfanyia hivyo ila mimi na vidonge vyangu vitatu.

Kanana akafika, amekimbia, leso iko mkononi. Nikamuuliza kwa ukali, maana nikiogopa huwa nakuwa mkali, "Huyu huwa anafanya nini siku za Alhamisi? Anakunywa nini? Anakula nini?"

Akamwangalia mume wake. Akaniangalia.

"Sista, nikikuambia hutakasirika?"

"Sema."

"Si unamkalisha na mama."

Nilibaki nimeshika bomba la mashine.

"Yeye na mama hawawezi kaa kiti kimoja. Hata kwa harusi yetu hawakukaa. Wakikutana kwa njia, mmoja anaingia kwa kahawa mpaka mwenzake apite. Sasa wewe unamkalisha hapo, unamtoa shati, unauliza mambo ya choo. Jumatano yote hali chakula. Na mama pia, usiku hawezi lala. Anasema afadhali kufa na presha."

Mimi ni Mwembu. Mama yangu mzazi alijificha ghalani baba wa mke wa kaka yangu alipopita. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kutafuna kitu mbele ya mama yangu kwa miaka ishirini. Nilijua mambo ya ukwe, kwamba mkwe na mama mkwe hawakaribiani kwa heshima, kama ninavyojua jina langu. Lakini nikivaa sare nilikuwa navua hayo yote namwachia mlinzi getini, na nilidhani wagonjwa wangu nao wanafanya hivyo.

"Mbona hamkuniambia?" nikauliza.

"Ulisema kliniki ni ya familia," Kanana akasema. "Na ulikuwa umepigwa picha."

Nikaandika barua kwa daktari wa hospitali kubwa, nikaeleza nilichofanya bila kujipamba, nikampeleka Mutwiri mwenyewe. Barua ile niliiandika mara nne kwa sababu kila mara kosa lilikuwa linageuka kuwa la mtu mwingine. Daktari, kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu, aliisoma akasema tupunguze dawa chini ya uangalizi na apimwe nyumbani, asubuhi na jioni, wiki nzima, akiwa ametulia. Basi kila asubuhi nilipita kwao kabla ya kazi na jioni nikarudi. Mutwiri alikaa jikoni kwake, mgongo ukutani, kuku wanapita chini ya kiti. Mia moja ishirini na nne. Mia moja ishirini na mbili. Mia moja ishirini na sita, siku ambayo mbuzi walikuwa wameingia kwenye mahindi. Wiki zilipita, dawa zikaisha zote, na namba zikabaki hapo hapo.

Siku ya mwisho nilifunga mashine nikaiweka kwenye begi. "Mutwiri," nikamwambia, "huna presha. Ulikuwa unaona haya, na mimi nikakutibu haya kwa vidonge. Nilikukosea. Nisamehe."

Nilidhani amekasirika, na alikuwa na haki. Akasimama akaniambia nimfuate nyuma ya nyumba. Kulikuwa na mashimo kumi na manane yamechimbwa kwa mistari, ya avokado, na yote yalikuwa matupu, yameota magugu.

"Nilichimba kabla ya kuja kwako," akasema. "Halafu ukaniambia mia na sabini na mbili. Avokado inachukua miaka mitatu ndiyo uanze kuvuna. Nikajiuliza, ni nani atavuna? Nikawacha."

Kumbe alikuwa amemwonyesha Kanana mipaka ya shamba. Alikuwa amechagua mahali, chini ya ule mstari wa migomba, pa kuzikwa. Alikuwa anaamka kila siku anajiaga. Hayo yote aliyabeba akipanda miti ya watu, na hakumweleza mtu sababu, na mimi, mwanafunzi wa Njeru, sikuwahi kumuuliza swali la tatu, kwa sababu benchi lilikuwa refu na nilikuwa nina haraka. Nikaanza kulia pale pale, kwa sauti, kama mtoto.

"Sista, wacha," Mutwiri akasema, anaangalia pembeni. "Mama anakuja na chai."

Na kweli, mama mkwe alikuwa anashuka kutoka kwake na birika. Nilipofuta macho, Mutwiri alikuwa ameshatoweka ndani ya migomba, na yule mama akapita ameangalia juu mbinguni, akaweka vikombe viwili, akaondoka bila kuuliza cha pili ni cha nani.

Niliporudi kazini nilitoa picha ukutani. Nikapanga viti mbali mbali, nikatundika shuka kama pazia, na nikaacha kusoma namba kwa sauti, jambo ambalo mzee wa mia na tisini hakunisamehe. Kisha nikamuuliza kila mgonjwa kwa siri, "Ni nani hutaki kukaa naye hapa?" Nilitegemea majina mawili matatu. Mama mmoja alitaja watu wa kijiji kizima, akanitaja na mimi. Nikalazimika kugawa Alhamisi kuwa Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa.

Lakini msichukue hadithi hii mkaenda kuwaambia watu presha ni haya tu, watupe dawa. Mama yake Kanana nilimpima nyumbani kwake wiki nzima vile vile, ametulia, hakuna mkwe karibu. Ilishuka, ndiyo, lakini haikushuka vya kutosha. Yeye presha alikuwa nayo ya kweli, na anameza kidonge chake mpaka leo. Hivyo vipimo viwili vilitoka benchi moja, kadi zimefungwa mpira mmoja, na mashine peke yake isingeweza kunionyesha tofauti. Rudieni kupima. Pimeni mahali mtu amezoea. Mgonjwa akisema anaona nyota, muache namba mumsikilize kwanza. Na swali la tatu muulize mkiwa wawili tu, mlango umefungwa, mmekaa, si mkiwa mmesimama na kalamu mkononi.

Mvua za mwezi wa kumi zilipoanza, Kanana alinitumia ujumbe niende kwao Jumamosi. Nilifikiri ni chai. Nikamkuta Mutwiri nyuma ya nyumba, matope mpaka magotini, miche ya avokado imepangwa kivulini. Kumi na saba ilikuwa imeshapandwa. Alikuwa ametimiza miaka hamsini na miwili wiki hiyo, na alikuwa anapiga mluzi.

"Sista, tulikaa na Kanana tukaamua faini yako," akasema. "Tulitaka mbuzi. Lakini mbuzi utanunua tu usahau. Panda huo mmoja."

Akanipa jembe. Mimi nimezaliwa shambani, sikutaka kuaibika. Nikauweka mche katikati ya shimo, nikauingiza vizuri uende chini, nikarudisha udongo, nikaushindilia kwa miguu mpaka shina likabaki fupi, limesimama imara. Nikanyoosha mgongo, nikasubiri nisifiwe.

Mutwiri alichutama, akaangalia kwa muda. Akagusa shina kwa kidole pale udongo ulipokomea.

"Uko wapi ule mkato wa shina, pale tuliunganisha tawi la avokado nyingine?"

"Uko ndani."

"Huo haufai kuingia ndani, Sista. Unaoza." Akatikisa kichwa, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye matope. "Umeuzika na uko hai. Utoe."

Nikapiga magoti nikauchimbua kwa mikono, polepole, nisikate mzizi, kisha nikaanza upya.